Vitufe 32, Kebo Moja ya USB: Nani Alitangulia?



Katika mashindano ya chemsha bongo, ugomvi mkubwa hautokani na majibu. Majibu yana vitabu vyake. Jaji hufungua, husoma, na mjadala huisha. Ugomvi huzuka pale wawili wanaponyoosha mikono kwa pamoja, na kila upande wa ukumbi unaapa kwamba wa kwao ndiye aliyetangulia. Dawa inayojulikana ni kisanduku cha vitufe kilichounganishwa na kompyuta: anayebonyeza kwanza, taa ya meza yake inawaka na jina la meza linatokea kwenye skrini.

Lakini kisanduku kilichotengenezwa vibaya hakimalizi ugomvi. Kinauficha. Mkono ulionyooshwa ukumbi mzima unauona. Kosa lililo ndani ya chipu halionekani, na watu huliamini kwa sababu limetoka kwenye mashine. Anayedhulumiwa hapo hana hata shahidi. Kwa hiyo somo letu ni hili: vipi maikrokontrola moja isome vitufe vingi bila kumpotezea yeyote haki yake, na wakati huohuo iendelee kuzungumza na kompyuta kupitia USB. Huhitaji kuwa mwanafunzi wa uhandisi. Sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu tunaweza kulifuata pia, mradi twende hatua kwa hatua.

Tuchukue mfano mmoja tutakaokwenda nao hadi mwisho. Kuna meza nane, na kila meza ina wanafunzi wanne wenye kitufe kila mmoja. Jumla ni vitufe 32. Meza ya 1 ni ya wenyeji, timu ya Musinzira. Meza ya 8 ni ya wageni, timu ya Muyinga.

Mtumishi mmoja, kazi mbili

Maikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja. Tutumie ATmega32U4, ambayo imo kwenye bodi ya Arduino Leonardo, kwa sababu ina USB ndani yake yenyewe. Inakwenda kwa mapigo milioni 16 kwa sekunde, yaani mapigo 16,000 katika kila milisekunde moja. Hiyo ni kasi kubwa, lakini hufanya jambo moja kwa wakati mmoja.

Sasa tunaipa kazi mbili: iangalie vitufe 32, na ijibu maswali ya kompyuta. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Programu nyingi za wanaoanza huthibitisha methali hiyo. Ama kitufe kinabonyezwa chipu ikiwa imeshughulika na USB, ama USB inakatika chipu ikiwa imeng'ang'ania vitufe. Ili kuepuka yote mawili, tuanze kwa kuelewa tabia ya USB.

USB ni mwalimu anayeita majina

Tangu USB ilipotolewa mwaka 1996, kanuni yake kuu ni kwamba kompyuta ndiyo inayouliza. Kifaa hakisemi mpaka kiulizwe. Mfikirie mwalimu mwenye daftari la mahudhurio anayepita akiita: "Fulani, una neno?" Kama huna, unajibu "bado", naye anakwenda kwa mwingine. Ukiwa na neno kabla hajakuita, unalishika mkononi mpaka zamu yako ifike.

Kifaa kinapochomekwa, hujitambulisha kwanza, na hapo hutaja pia kingependa kuulizwa kila baada ya muda gani. Kifaa cha mwendo wa chini, kama kibodi nyingi za kawaida, hakiwezi kuomba chini ya milisekunde 10. Kifaa cha mwendo kamili, kama ATmega32U4, kinaweza kuomba kila milisekunde 1.

Hapa panatokea mambo mawili. La kwanza, kifaa kisipojibu maswali ya kujitambulisha kwa wakati, kompyuta hukata tamaa na kutangaza kwamba haikitambui. La pili ndilo kiini cha somo hili: wakati wa kuulizwa siyo wakati wa kubonyeza.

Tuseme kompyuta inauliza kila milisekunde 10. Mwanafunzi wa Muyinga anabonyeza, na milisekunde 4 baadaye wa Musinzira naye anabonyeza, wote kabla ya swali linalofuata. Kisanduku kinachojifanya kibodi hupeleka habari za wote wawili katika ripoti moja. Ripoti ya kawaida ya kibodi ina baiti 8: moja ya vitufe kama Shift, moja isiyotumika, na sita za vitufe vilivyobonyezwa. Hakuna hata moja inayobeba saa. Kompyuta inaona tu kwamba vitufe viwili vimeshikwa pamoja, na programu iliyo upande wa pili ikianza na namba ndogo, Musinzira anapewa nafasi. Muyinga alitangulia kweli, lakini ushahidi wake umepotea njiani.

Kwa sababu hiyo haitoshi kufungua kibodi kuukuu ya USB na kuunganisha vitufe vyetu kwenye chipu yake, ingawa ni njia rahisi na itaonekana inafanya kazi. Kibodi iliundwa kwa ajili ya mwandishi mmoja, haikuundwa kuamua baina ya wawili.

Basi kanuni yetu ya kwanza ni hii: uamuzi wa nani alitangulia utolewe ndani ya kisanduku. USB ibebe taarifa ya uamuzi huo tu.

Kuunganisha vitufe 32

Leonardo ina pini 20 za kutumia, nasi tuna vitufe 32. Njia ziko tatu.

Njia ya kwanza ni kila kitufe na pini yake. Upande mmoja wa kitufe unakwenda kwenye pini, upande wa pili kwenye waya wa sifuri. Ndani ya chipu kuna rezista inayoivuta pini juu, hivyo isipobonyezwa husomeka 1, ikibonyezwa husomeka 0. Ni njia safi, lakini kwetu pini hazitoshi.

Njia ya pili ni safu na nguzo, ndiyo inayotumika ndani ya kibodi. Kitufe hukaa pale safu moja inapokutana na nguzo moja. Safu 6 na nguzo 6 hutumia pini 12 na kubeba vitufe 36. Chipu huishusha safu moja, husoma nguzo zote, kisha huenda safu inayofuata. Tatizo lake ni kitufe cha uongo: vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili vikibonyezwa pamoja, umeme hupita njia ya nyuma na pembe ya nne huonekana imebonyezwa pia. Kwenye mashindano, mwanafunzi ambaye hakugusa kitu angetangazwa kuwa amebonyeza. Tiba yake ni dayodi moja kwa kila kitufe ili umeme upite upande mmoja tu. Dayodi ndogo ya 1N4148 inatosha, na fundi wa redio ataitambua mara moja ukimtajia.

Njia ya tatu ni chipu ya 74HC165. Kila moja ina milango 8 ya kuingilia, na zinaweza kufungwa kwa mnyororo. Chipu nne hubeba vitufe 32 kwa pini tatu tu za Leonardo: moja ya kusema "shika", moja ya mapigo, na moja ya kupokea habari. Kila mlango uwekewe rezista yake ya kuuvuta juu, kwa sababu 74HC165 haina rezista hiyo ndani. Inaposikia "shika", milango yote 32 hunaswa kwa wakati mmoja, kama picha ya kamera, ndipo husomwa mmoja mmoja kwa utaratibu. Kwa mapigo milioni 1 kwa sekunde, kusoma yote 32 huchukua mikrosekunde 32.

Kwa kazi yetu nachagua njia ya tatu. Katika safu na nguzo, meza ya 1 husomwa kabla ya meza ya 8 kila mara. Tofauti ni ndogo sana, lakini ipo, na daima iko upande mmoja. Kwa 74HC165 wote wanapigwa picha moja.

Mdundo wa kitufe

Kitufe kinapobonyezwa, vipande viwili vya chuma hugongana na kudunda kabla ya kutulia. Kwa milisekunde chache, chipu huona 0, 1, 0, 1, 0, kana kwamba kimebonyezwa mara nyingi. Watu wengi hutatua hili kwa kusubiri: wakiona mguso, wanaisimamisha programu kwa milisekunde 20, kisha wanaangalia tena. Kwa kitufe kimoja cha taa ya nyumbani haina ubaya. Kwetu sisi, katika milisekunde hizo 20 vitufe vingine 31 havina anayevitazama.

Dawa yetu iko katika jambo moja: mdundo huja baada ya mguso, hauji kabla yake. Kwa hiyo mguso wa kwanza ndio wakati halali wa mwanafunzi. Uandike palepale, lakini usiutangaze bado. Milisekunde 10 baadaye angalia kitufe hichohicho. Kikiwa bado kimeshikwa, mguso ulikuwa wa kweli, na wakati unaohesabiwa ni ule wa kwanza. Kikiwa kimeachwa, huenda ilikuwa ni kelele ya umeme iliyoingia kwenye waya mrefu, basi futa. Kila kitufe kinacheleweshwa kwa kipimo kilekile, kwa hiyo mpangilio wa waliotangulia haubadiliki.

Na kwa kuwa nyaya za ukumbini ni ndefu, rezista hizo za kila mlango ziwe za kiasi cha kilo-ohmu 1 hadi 4.7. Waya ulioachwa legelege huokota kelele.

Usiisubirishe chipu

Hapa ndipo kazi mbili zinapopatanishwa. Kanuni ya pili ni fupi: sehemu yoyote ya programu ifanye kidogo chake, iondoke.

Kazi ya vitufe tuikabidhi kwa saa iliyo ndani ya chipu. Kila milisekunde 1, saa hiyo hukatiza chochote kinachoendelea, na programu hufanya yafuatayo:

1. Inaongeza namba ya usomaji. Namba hii ndiyo saa ya mashindano.
2. Inasema "shika" na kusoma vitufe vyote 32 kama namba moja.
3. Inalinganisha namba hiyo na ya usomaji uliopita. Kama hakuna kilichobadilika, inaruka hadi hatua ya 5.
4. Kikionekana kitufe kipya kilichobonyezwa, inaandika namba ya usomaji wa mguso wa kwanza.
5. Vitufe vilivyotimiza milisekunde 10 na bado vimeshikwa, inavipanga kwenye foleni: namba ya kitufe na wakati wake.

Kazi zote hizi huchukua sehemu ndogo ya milisekunde. Muda mwingi uliobaki ni wa USB. Upande huo, programu kuu inazunguka bila kusimama: je, kuna kitu kwenye foleni? Je, USB iko tayari kupokea? Kama majibu yote ni ndiyo, peleka kimoja. Kama USB haiko tayari, zunguka tena. Hata kompyuta ikikawia sekunde nzima, mbonyezo haupotei: umeshaandikwa, una wakati wake, unangoja zamu kwenye foleni.

Kuna tahadhari moja katika foleni. Pande mbili zinaigusa, saa inaandika na programu kuu inasoma. Anayeandika aandike habari zote kwanza, kisha ndipo asogeze alama ya mwisho wa foleni. Akisogeza alama mapema, programu kuu inaweza kusoma nusu ya habari.

Bodi nazo zinatofautiana, na tofauti hizi huwachanganya wengi. Kwenye Leonardo, maswali ya kujitambulisha ya USB hujibiwa kwa katizo, kwa hiyo kusubiri katika programu kuu hakuikati USB moja kwa moja. Kinachoikata ni kuzuia makatizo kwa muda mrefu. Kwenye Raspberry Pi Pico inayotumia TinyUSB, programu kuu yenyewe lazima iihudumie USB mara kwa mara, hivyo ukisubiri umezifunga kazi zote mbili. Kuna pia V-USB, ambayo huiga USB kwa programu tupu kwenye chipu za AVR zisizo na USB. Hiyo hudai ihudumiwe kabla ya milisekunde 50 kupita, na haivumilii makatizo kuzuiwa hata kwa mikrosekunde chache. Kwa V-USB, soma vitufe ndani ya programu kuu, siyo ndani ya katizo la saa.

Wakilingana

Tunasoma mara 1,000 kwa sekunde, lakini bado wawili wanaweza kuonekana katika usomaji mmoja. Programu iliyoandikwa kwa haraka huangalia meza ya 1, ya 2, ya 3 hadi ya 8, na kumpa ushindi wa kwanza inayemkuta. Hakuna aliyekusudia upendeleo, lakini upo: kila wakilingana, Musinzira anashinda na Muyinga anashindwa. Jioni nzima ikiwa na milingano mitatu tu, huenda hiyo ndiyo tofauti ya kombe.

Suluhisho la uaminifu ni kisanduku kuripoti kile kilichokiona. Wawili wakiwa na namba moja ya usomaji, taa zote mbili ziwake na neno SARE litokee. Jaji ataamua kwa kanuni zilizotangazwa mapema: swali lirudiwe, au ipigwe kura. Chipu isiamue jambo ambalo haikuliona.

Vilevile hesabu tu kitufe kilichotoka hali ya kuachwa kwenda hali ya kubonyezwa baada ya jaji kufungua swali. La sivyo, mjanja atakishika kitufe chake tangu mwanzo na kushinda kila swali.

Kupeleka habari kwenye kompyuta

Njia mojawapo ni kisanduku kujifanya kibodi. Faida yake ni kwamba kompyuta haihitaji programu ya ziada ya kukitambua. Lakini kuna mtego kwa wenye kompyuta za kibodi ya Kifaransa, ambazo tumezizoea hapa kwetu. Kibodi haipeleki herufi, inapeleka namba ya mahali. Namba 4 ni mahali penye A kwenye mpangilio wa Kimarekani. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa itaandika Q. Tarakimu za safu ya juu nazo zitatoka kama & na é. Kwa meza nane, tumia herufi B hadi I, ambazo hazihami katika mipangilio yote miwili.

Njia nyingine ni kupeleka mistari ya maandishi: namba ya meza, namba ya mwanafunzi, na wakati. Hii nadhani ni bora, kwa sababu jaji anaona wakati wenyewe na anaweza kuuweka wazi mbele ya ukumbi. Angalia tu jambo moja: programu ya kompyuta ikifungwa, hakuna anayesoma, nafasi hujaa, na amri ya kupeleka inaweza kukaa ikisubiri. Kwa kuwa vitufe vinasomwa na saa, usomaji hauathiriki. Bado uliza kwanza kama kuna nafasi kabla ya kupeleka.

Taa za meza ziwashwe na kisanduku chenyewe, zisingoje amri ya kompyuta. Umeme wa kutosha upo: USB hutoa volti 5, na kifaa kilichokubaliwa kinaweza kuomba hadi miliampea 500. Taa nane ndogo za miliampea 10 hutumia 80. Kompyuta iwe imezuiwa kulala, kwa sababu ikilala USB hunyamaza, na kifaa kinachoona kimya cha zaidi ya milisekunde 3 kinatakiwa nacho kipumzike.

Kukijaribu mbele ya watu

Kabla ya mashindano, fanyeni majaribio matatu, na wawakilishi wa timu zote wawepo.

La kwanza: unganisha kitufe kimoja kwenye milango miwili, wa meza ya 1 na wa meza ya 8, kisha bonyeza mara hamsini. Jibu linalotakiwa ni SARE karibu kila mara. Likija "meza ya 1" kila mara, kisanduku kina upendeleo na kisitumike.

La pili: funga programu ya kompyuta, bonyezeni vitufe vitano kwa mpangilio mnaoujua, kisha ifungueni. Vyote vitano vitoke, kwa mpangilio uleule.

La tatu: watu wanane wabonyeze ovyo kwa dakika nzima. USB isikatike, na kisitokee kitufe ambacho hakuna aliyekigusa.

Kisanduku kikifaulu hayo, aliyeshindwa atajua ameshindwa na mwenzake, hakushindwa na waya.

Maswali ya kujipima

1. Timu zimeongezeka na sasa kuna vitufe 48. Zinahitajika chipu ngapi za 74HC165, na kwa mapigo milioni 1 kwa sekunde kuvisoma vyote kutachukua muda gani?
2. Kwa nini tunaandika wakati wa mguso wa kwanza, na siyo wakati wa uthibitisho uliokuja milisekunde 10 baadaye? Je, mpangilio ungebadilika?
3. Mwenzako amepunguza usomaji hadi mara moja kila milisekunde 20 ili "kuipumzisha chipu". Nani ataathirika, na kwa namna gani?
4. Kisanduku kinapeleka uamuzi sahihi, lakini skrini inachelewa nusu sekunde. Je, haki ya mtu imepotea? Eleza.

Wabillahi tawfiq.